Ubao wa Nne

Boti ilikuwa ya buluu,
rangi mbichi, ukiigusa inakung'ang'ania kidole.
Ubavuni wameandika RIZIKI HAIVUTWI KWA KAMBA,
na herufi ya mwisho, kwa kukosa nafasi,
imempanda mwenzake begani.

Nilikuwa na milioni sita kiunoni,
mawese ya misimu mitatu yaliyogeuka noti.
Hamimu Songoro akasema, "Mama Nzigo,
hii inaijua njia ya Kagunga hata nahodha akisinzia."
Nikacheka. Kidogo tu nifungue fundo.

Zabroni, binamu yangu, ndiye aliyesema tuite fundi,
na aliposikia ada ndiye aliyejuta.
"Elfu themanini! Kugonga mbao?
Mimi ningekugongea kwa soda."

Ntakije alifika Kibirizi saa moja asubuhi,
jua halijapata nafasi ya kuisifia rangi.
Akavua viatu. Akafukuza watoto.
Akamwomba muuza kahawa azime redio.
Nyundo yake ndogo, kama ya kupasulia mise.

Ko.
Ko.
Taruma kwa taruma, akiinamisha sikio.
Ubao mzima, alisema, hujibu
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
Akachota maji ya ngama kwa kiganja, akayanusa.
"Haya si ya mvua."
Songoro akasema ni ya mvua.
Ko. Ko.
Kisha, kushoto, chini ya kiti cha injini,
ubao wa nne kutoka mkukuni:

pu.

Kama kugonga mkate.
Akatoa sindano ya kushonea magunia, akaisukuma.
Iliingia yote, haikubisha hodi.
Ilipotoka ilikuwa na kitu cheusi kwenye ncha,
machicha ya kahawa, ungedhani.

"Rangi ya lini?"
"Juzi."
"Na lami hii?"
Songoro akakifunga kifungo cha shati
ambacho kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi.

Ripoti aliiandika kwa penseli
kwenye karatasi ya daftari la mwanawe,
nyuma yake hesabu za kujumlisha, zote zina vema:
*Ubao wa nne umeoza. Wa tano umeanza kuuiga.
Misumari imelika. Ikiwa tupu itaelea.
Ikibeba, siwezi kukutajia siku.*

Nikalipa. Zabroni akazisindikiza zile noti kwa macho
kama anayesindikiza jeneza.
Nikapanda kilima cha Mwanga kwa miguu,
fundo langu zima kiunoni,
nikajiona mjanja kwa siku tatu.

Jumatatu niliiona buluu ile inatoka.
Kainunua mtu wa Mwamgongo, taslimu, papo hapo,
hakugonga hata kwa kucha.
Imeshiba: unga, mabati, magodoro, mbuzi wawili,
na watu, watu, nilifika ishirini na saba
wakaanza kuchanganyikana.
Nikakimbia mchangani, karatasi mkononi, naipunga.
Wakadhani naaga.
Mwanamke wa kitenge cha njano akanipungia na yeye.

Namba ya mnunuzi, Songoro anasema hana.
Mwamgongo nawajua watu wawili. Nimewaandikia.
Mmoja kimya. Mwingine kajibu jioni:
*Asante dada, ila mbona imefika salama.*

Imefika.
Nimelisoma neno hilo hadi simu ikazima.
Na ziwa letu hili, ongeza kamba za Ujiji yote,
fundo kwa fundo, huigusi sakafu yake.

Karatasi ni yangu, nimeilipia.
Ubao ni wa kila aliyepanda.

Sasa usiku usingizi ukikataa
nanyoosha mkono gizani.
Nagonga kitanda: ko.
Nagonga dirisha: ko.
Nagonga hapa, kifuani,
nasikiliza.